Boti bovu, nguzo na kiti katikati ya pori: kwenye picha tufute au tuache?

Kutu na Umande (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka picha kwenye shindano, kundi la picha za asili. Yangeyange amesimama kwenye ubavu wa boti la mbao lililozama nusu, maji hayatikisiki, ukungu umemeza kila kilichokuwa nyuma. Nikajiona nimemaliza kazi. Ikarudishwa na maelezo ya mstari mmoja: mna mkono wa binadamu humu, haifai kundi hili.

Kwa hasira nikafungua kompyuta nikalifuta boti. Programu za siku hizi hazichoshi, unapitisha brashi na kitu kimetoweka. Nilipomaliza nilibaki na ndege anayening'inia juu ya maji, miguu haina pa kukanyaga. Nikamwekea jiwe. Akawa ndege juu ya jiwe, kama wale wengine wote niliowahi kuwaona juu ya mawe. Picha ilikuwa imekufa na muuaji ni mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza lile boti lilikuwa na kazi gani mle ndani.

Kazi ya kwanza ni kipimo. Jabali lisilo na kitu pembeni yake laweza kuwa na kimo cha ghorofa au cha kiatu, picha haikwambii. Kiache kibanda kionekane chini yake, hata kama ni kidogo kama kiroboto, jicho linapima lenyewe. Kazi ya pili ni muda, na hii ndiyo iliyonikamata. Jiwe halisemi ni la lini. Ila mlango mpya sote tunajua unafananaje, kwa hiyo tukiuona umebanduka rangi na mzizi umepenya palipokuwa kitasa, kila mtu anahesabu miaka bila kuambiwa.

Pwani ya Namibia kuna meli inaitwa Eduard Bohlen. Ilikwama mwaka 1909. Leo iko mamia ya mita kutoka majini, imezungukwa na mchanga pande zote, maana jangwa limeendelea kuisogeza bahari nyuma. Ukipiga ule mchanga peke yake una picha ya mchanga. Ukiingiza meli kwenye fremu unaona ufuko ukitembea.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijabonyeza natafuta kitenzi. Nani anamfanya nini mwenzake hapa? Mmea unalila gari? Buibui kageuza geti kuwa mtego? Daraja linagombana na mto? Wavu wa nailoni umemkaba kasa? Nikipata kitenzi, napiga. Nikikikosa, yaani kitu kipo tu na pori lipo tu, hawajuani, mara nyingi narudisha kamera begini hata kama mwanga ni mzuri.

Na kuhusu kufuta, tusiwasingizie vijana na programu zao. Ansel Adams, yule Mmarekani maarufu wa picha za milima, alipopiga mapambazuko ya majira ya baridi kule Lone Pine, California, mwaka 1944, kwenye kilima kulikuwa na herufi L na P kubwa nyeupe ambazo wanafunzi wa mji ule walizichora kwa chokaa. Akaziondoa kwenye picha, na wapo waliomlaumu. Miaka 31 baadaye, mwaka 1975, jumba la makumbusho la George Eastman House mjini Rochester, Marekani, likafanya maonyesho yaliyoitwa New Topographics. Wapiga picha kumi, akiwemo Robert Adams (hawana undugu), Lewis Baltz, Stephen Shore na mtu na mkewe Bernd na Hilla Becher. Mitambo, maegesho ya magari, nyumba mpya zimepangwa jangwani, milima imekaa nyuma kama mgeni ambaye hakualikwa. Wao waliyaleta mbele yale ambayo wenzao walikuwa wakiyakwepa. Nikiambiwa nichague kati ya zile herufi na kilima kisafi, mimi nazitaka herufi zangu.

Nawasilisha. Mwenye hoja, mwenye picha, mwenye kupinga, karibuni.

Jicho Moja

Siti ya mbele kabisa, na daftari nimekuja nalo.

Mzee wa Filamu

Mleta uzi, nakuheshimu ila waamuzi umewaonea. Mashirikisho makubwa ya upigaji picha, FIAP (la kimataifa), PSA (la Marekani) na RPS (la Uingereza), yalikubaliana ufafanuzi wa pamoja wa picha ya asili. Vitu vya binadamu visiwemo, isipokuwa pale vinapokuwa sehemu ya lazima ya habari ya asili inayosimuliwa: bundi au korongo waliozoea mazingira yaliyobadilishwa na binadamu, au nguvu za asili zenyewe, mathalani kimbunga kinabomoa. Pete na vitambulisho vya kisayansi wanavyovalishwa wanyama wa porini viliruhusiwa humo pia. Sasa yangeyange wako alikuwa na habari gani na boti zaidi ya kupumzisha miguu?

Halafu ufafanuzi huohuo unakataza kuongeza, kuhamisha au kuondoa kitu kwenye picha, ukiacha kukata kingo. Ile yako ya jiwe la kubandika ingekuwa kosa kubwa kuliko ya boti.

Kutu na Umande (mleta uzi)

Mzee wangu, hapo umenipiga na sina pa kukimbilia. Angekuwa ametaga ndani ya boti ningekuwa na la kujitetea. Nilibisha hodi mlango usio wangu, ile picha ilikuwa ya kundi la wazi. Ila ona, hata kanuni yao inauliza kitenzi kilekile: huyu ndege analifanya nini hili boti? Tofauti ni kwamba wao wana orodha ya vitenzi wanavyovikubali.

Chuma Chakavu

Naomba msaada wa vitendo, nadharia nimeielewa. Nina trekta bovu limeachwa kwenye nyasi ndefu, mti umeota palipokuwa na injini. Kitenzi kipo, mti unalila trekta. Lakini kila nikipiga linatoka bapa, kutu inaonekana rangi ya vumbi, na majani yanang'aa meupe. Nimenunua filta ya polaraiza kwa ajili ya kutu, nazungusha wee, chuma hakibadiliki. Nimeuziwa feki?

Bi Lenzi

Hujauziwa feki, kaka. Polaraiza inakata mwako unaorudishwa na maji, rangi ya kupaka, kioo na majani, kwa sababu mwanga ukiruka kwenye vitu hivyo unatoka umejipanga upande mmoja. Chuma kitupu hakiupangi mwanga namna hiyo, kwa hiyo filta haina cha kukata. Ila usiivue. Izungushe huku unatazama majani badala ya trekta. Ule weupe utaondoka na kijani kitarudi. Na kwenye sehemu za trekta ambazo bado zina rangi ya kiwandani utaona mabadiliko.

Kutu yenyewe inataka maji. Uso wake umekwaruza, kavu unatawanya mwanga kila upande, ndiyo hiyo rangi ya vumbi unayoilalamikia. Mvua ikinyesha maji yanajaza vile vishimo vidogo na rangi inazama, inakuwa nyekundu iliyoiva. Kwa hiyo nenda baada ya mvua, mawingu bado yametanda. Wingu linasambaza mwanga sawasawa mpaka chini ya bonneti ambako jua la saa sita lingekuachia shimo jeusi.

Unapiga saa ngapi na kwa lenzi gani?

Chuma Chakavu

Mchana, dada, saa saba hivi. Lenzi ni ya milimita 24, naisogeza karibu ili trekta lijae.

Bi Lenzi

Basi wahalifu ni watatu. Saa saba tumeshaihukumu. Lenzi pana ukiwa karibu inavimbisha tairi la mbele na kuusukuma mti nyuma, wakati mti ndiye mla na trekta ndiye mliwa. Mla ameonekana mdogo kuliko chakula chake. Rudi nyuma hatua thelathini, weka milimita 85 au 135, vitu viwili vitakaribiana kwa ukubwa na utaona wanavyokabana.

Wa tatu ni kamera yenyewe, na hili linawapata wengi wanaopiga vitu vyeupe porini, mashua, nguzo, jiko la kutupwa. Kamera inataka kuifanya fremu nzima iwe ya kijivu cha wastani. Pori ni jeusi, kwa hiyo inaongeza mwanga, na kile kitu cheupe kinaungua hadi hakina umbo. Punguza fidia ya mwanga (ile alama ya +/- kwenye kamera), moja hasi au zaidi, upime kwenye kitu chenyewe, pori utaliinua baadaye kama ulipiga kwa faili ghafi (RAW). Kwenye theluji ni kinyume, unaongeza moja mpaka mbili, la sivyo theluji inatoka ya rangi ya saruji.

Beba Kiti

Nimesoma kimya kimya, sasa niwachokoze. Nyote mnazungumza kama vile lazima ukikute kitu. Mimi nabeba. Nina kiti cha mbao cha kukunja na kioo cha ukutani, nimetembea navyo milimani na mabwawani kwa miaka. Nakiweka kiti kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu, kimegeukia upeo, napiga, nakitoa, naondoka nacho. Kitenzi? Kiti kinasubiri. Hakuna kitu kingine duniani kinachosubiri vizuri kama kiti kitupu.

Kioo ndicho kigumu. Wengi wanakilaza kwenye nyasi kionyeshe mawingu, halafu wanashangaa kwa nini kingo ni kali na mawingu ni ukungu. Kamera haisomi uso wa kioo. Inasoma umbali wote, kutoka kwako hadi kioo kisha hadi mawinguni. Ukitaka kingo na mawingu vyote vikali, funga tundu la lenzi hadi f/11 au f/16. Isipotosha, piga mbili kwenye stendi, moja fokasi ya fremu ya kioo, nyingine ya mbali, uziunganishe nyumbani.

Mzee wa Filamu

Huo ni mchezo wa kuigiza. Ukishaweka kiti mwenyewe hujapiga picha ya pori, umepiga picha ya wazo lako, pori umelifanya pazia.

Chukua kazi ya mpiga picha Chris Jordan kule kisiwa cha Midway, katikati ya Pasifiki, aliyoianza mwaka 2009. Vifaranga vya albatrosi, wale ndege wakubwa wa baharini, wamekufa, miili imeoza, na pale palipokuwa tumbo kuna vifuniko vya chupa, viberiti vya gesi, vipande vya plastiki. Alieleza wazi kwamba hakusogeza hata kipande kimoja. Sasa jaribu kufikiri angekuwa amepanga vile vifuniko kwa mkono. Picha ni ileile, pikseli kwa pikseli, na haina thamani tena.

Beba Kiti

Mzee, Jordan alikuwa anatoa ushahidi. Mimi sitoi ushahidi wa kitu chochote, na sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikikuta kiti kimekaa bwawani. Anayedanganya ni yule anayehamisha gogo au kiatu cha mtoto kwenda palipo na mwanga mzuri, kisha chini anaandika "nilivyokikuta". Huyo tumcharaze pamoja.

Na kuweka hakujaanza na mimi. Msanii Robert Smithson mwaka 1970 alijenga Spiral Jetty, gati la kujiviringa, ndani ya Great Salt Lake kule Utah, mawe meusi na udongo, mzunguko wenye urefu wa mita 450 na ushee. Ziwa likapanda likaufunika miaka mingi, ukaibuka tena mwaka 2002 umepakwa chumvi nyeupe. Aliuweka yeye, ni kweli. Lakini ile chumvi je, nani aliiweka?

Kutu na Umande (mleta uzi)

Hapo kwenye chumvi nimesimama na wewe. Kiti chako kinanivutia kidogo, samahani, kwa sababu saa moja haitoshi kwa maji kukifanya chochote. Ungekiacha miaka kumi ningekuja kukiona.

Beba Kiti

Nikikiacha miaka kumi nimetupa taka, mkuu.

Kutu na Umande (mleta uzi)

😂 Nimekubali. Endelea kukibeba.

Jicho Moja

Naomba kuuliza kuhusu zile picha za mnara au mtu na mwezi mkubwa ajabu nyuma yake. Nimebishana na rafiki yangu, anasema zote ni za kubandika, mwezi haujawahi kuwa mkubwa hivyo. Mimi namwambia hapana ila sina hesabu.

Ngoja Mwezi

Mwambie rafiki yako aache kuwalisha watu matango pori. Nyingine zimebandikwa kweli, ila nyingi ni umbali tu.

Upana wa mwezi angani ni kama nusu nyuzi. Ndiyo kusema kitu chochote kitalingana na mwezi ukisimama mbali nacho mara 110 hivi ya kimo chake. Kiti cha mita moja, mita 110. Mnara wa mita 20, kilomita 2 na mita 200. Ukisogea karibu mnara unakua na mwezi unabaki vilevile, ukirudi nyuma mnara unapungua na mwezi unaonekana kama umevimba. Lenzi ndefu kazi yake ni kukata tu kipande hicho cha dunia. Gawa milimita za lenzi kwa 110 utapata upana wa mwezi kwenye kihisi, kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga: lenzi ya 500 inakupa milimita 4 na nusu, na kihisi kikubwa (full frame) kina kimo cha milimita 24. Kwa hiyo hata na 500 mwezi haujazi fremu, ukiona umejaza na mnara mzima umo, uliza maswali.

Mambo mawili yanayowaangusha wengi. Mwezi unasogea upana wake mzima ndani ya dakika mbili, kwa hiyo ukipanga kukutana nao kwenye kilele cha mnara huna muda wa kubadilisha betri. Na usingoje usiku. Piga jioni ya siku moja kabla ya mwezi kukamilika, unachomoza jua likiwa bado halijazama, mnara una mwanga na mwezi una mwanga. Ukisubiri giza utachagua kimoja: mnara mweusi au mwezi ulioungua kama taa.

Nilikosea hesabu mara yangu ya kwanza. Nilipima umbali kutoka kwenye gari langu badala ya kilima nilichopanda, mwezi ukatokea upande wa pili wa mnara. Nikasubiri mwezi mwingine. Ndio asili ya jina langu.

Bi Lenzi

Kabla watu hawajakimbilia kwenye mabovu, niseme la usalama, maana uzi unanoga na hakuna aliyeligusa.

Lile basi namba 142 kule Alaska, ambamo kijana mmoja alifia mwaka 1992, liligeuka kivutio. Watu waliokuwa wanalifuata walikwama, waliokolewa, na wawili walifariki mtoni njiani, mmoja mwaka 2010 na mwingine 2019. Juni 2020 likang'olewa kwa helikopta. Ndege ya jeshi la majini la Marekani iliyoanguka Sólheimasandur, Iceland, mwaka 1973, ambamo walitoka hai wote, ilikuwa inafikiwa kwa gari hadi wenye ardhi walipofunga njia mwaka 2016. Na mwaka huohuo sehemu ya nyuma ya boti kuukuu la Point Reyes, California, iliungua. Kilichoshukiwa ni mpiga picha aliyekuwa anazungusha nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zikiwaka, ule mtindo wa cheche. Boti limekaa miongo mchangani, linaondoka kwa picha ya sekunde thelathini.

Ndani ya majengo yaliyoachwa usikanyage mbao palipo giza. Vyuma vya zamani vina ncha. Na nyuki wanapenda sana mabovu kuliko sisi.

Chuma Chakavu

Mrejesho, wakuu.

Nilisubiri mvua siku tisa. Nikaenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mawingu mazito, nyasi zinadondosha maji. Kutu imetoka kama alivyosema Bi Lenzi, sikuwahi kujua trekta lile lina rangi hiyo. Nikarudi nyuma kwa milimita 135, mti umepanda ukubwa, sasa kweli unaonekana umelishika trekta shingoni.

Ila kuna kipya. Nikiwa kule nyuma nikaona shorewanda anaingia na kutoka kwenye bomba la moshi. Ana kiota. Miezi yote nilivyokuwa nasogea na ile 24 nilikuwa namfukuza bila kujua. Nilikaa saa mbili kwenye nyasi, nikampata anatoka na kinyesi cha kifaranga mdomoni, kutu iko nyuma yake.

Tatizo moja. Kwenye fremu nyingine niliyoipiga kutoka mbele, kioo cha trekta ambacho hakijavunjika kinanionyesha mimi na koti langu la bluu, wazi kabisa. Polaraiza nilizungusha, haikusaidia. Nifute?

Mzee wa Filamu

Ile ya kiota ipeleke kundi la asili, kijana. Kifungu cha bundi na korongo kinakusubiri. Na koti usiliguse kwa brashi.

Bi Lenzi

Polaraiza haiwezi kukutoa wewe mwenyewe. Inakata mwako unaokuja kwa pembe, kwenye kioo ni nyuzi 55 hivi kutoka kwenye ule mstari unaosimama wima juu ya uso wake. Ukijiona kwenye kioo maana yake mwanga unakurudia moja kwa moja, hapo filta haina kazi. Hamia pembeni hadi ujipoteze, ndipo uzungushe.

Kutu na Umande (mleta uzi)

Usifute. Rudi na koti jeusi, na usirudi mpaka kile kifaranga kiruke.